Foo wili ya Pajero ya zamani inagoma au taa zinablinki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nazungumzia Pajero za kizazi cha pili, zile za 1991 mpaka 1999 zenye Super Select, mfumo wa foo wili wa Mitsubishi, yaani V43, V44, V45, V46 na zile fupi kina V24 na V26. Wengi tunaziita Pajero Intercooler kwa sababu ya yale maandishi ubavuni. Bado zinapiga kazi sana huku kwetu, masika ikianza utaziona zinavuta wenzao kwenye matope, na swali linaloongoza kwa wenye gari hizi ni la foo wili, yaani matairi yote manne kuvuta. Msimamo wangu nauweka mapema: mara nyingi sana kinachosumbua ni hozi (mpira wa kupitishia hewa), solenoidi (vali ndogo ya umeme) au swichi, vitu vidogo vya nje ambavyo unavifikia bila kufungua kitu chochote kikubwa, kwa hiyo usikubali mtu akushushie transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) kabla hivyo havijakaguliwa kimoja kimoja.

Zile taa za kimchoro cha gari kwenye dashibodi zinasema nini?

Mchoro una matairi manne. Ukiwa 2H, yaani yanavuta ya nyuma tu, zinawaka za kijani mbili za nyuma tu. Ukisogeza liva kwenda 4H, foo wili ya kawaida, zile mbili za mbele zinaanza kublinki, zikitulia ndo ekseli ya mbele imeshaungana. Ukienda 4HLc inaongezeka taa ya katikati, rangi ya chungwa, maana yake difu ya kati iliyo ndani ya transfa (gia zinazoruhusu mbele na nyuma vizunguke kwa kasi tofauti) imefungwa. 4LLc ni hivyo hivyo ila na gia nzito.

Kublinki kidogo wakati wa kubadilisha sio ugonjwa, mfumo unasubiri vyuma vikae sawa. Ugonjwa ni pale inapoblinki bila kukoma. Na hapo angalia IPI inablinki, watu wengi wanakuja wanasema tu "taa zinablinki" basi. Za matairi ya mbele zinakupeleka kwenye frii wili ya ekseli ya mbele (kiungo kinachoiunganisha na kuiachia ekseli) na mambo yake ya vakyumu, yaani nguvu ya hewa inayovuta. Ile ya chungwa inakupeleka kwenye transfa na swichi zake. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, ukikosea hapa mwanzo utazunguka wiki nzima.

Taa za mbele zikiblinki ndo kusema foo wili haipo?

Sio lazima. Inawezekana ekseli imeungana vizuri kabisa ila swichi inayotoa taarifa imekufa, au waya wake umeliwa na tope. Na kinyume chake kipo pia. Kwa hiyo usiiamini taa, pima kwenye tairi.

Pima hivi. Tafuta sehemu ya tambarare na ngumu. Washa injini, ingiza 4HLc, tembea mbele taratibu mita kadhaa na urudi nyuma kidogo ili vyuma viingiane. Simama, vuta hendibreki, weka mawe au vigingi vya mbao kwenye matairi ya nyuma mbele na nyuma. Zima injini ila swichi ya ufunguo irudishe ON, usiiache OFF, kwa sababu solenoidi zikikosa umeme frii wili inaweza kuachia na utapata jibu la uongo. Manyuo iache kwenye gia ya kwanza, otomatiki weka P. Sasa piga jeki tairi MOJA tu la mbele mpaka liachie ardhi, liwekee na stendi, halafu lizungushe kwa mkono.

Likigoma, yaani linacheza kidogo tu halafu linakaza, foo wili yako ipo na inafanya kazi, tatizo ni la taa na swichi, ishi kwa amani. Likizunguka kama halijali, ekseli ya mbele haijaungana. Sababu yake ni rahisi: tairi la upande wa pili limekanyaga chini, propela ya mbele (shafti ndefu ya kutoka transfa kwenda mbele) imeshikwa na transfa, kwa hiyo kama kila kitu kimeungana tairi lililo juu halina pa kwenda. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinafunga mabishano yote ya gereji.

Tafadhali usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake. Hiyo sirudii.

Hiyo vakyumu inahusikaje na foo wili? Mimi nilijua ni ya breki.

Ni ile ile ya breki, na ndo maana napenda kuanzia hapo. Kwenye Pajero hizi liva unayoshika inaingiza gia ndani ya transfa kwa chuma moja kwa moja, hiyo sehemu ni ya mkono. Lakini ekseli ya mbele ina sehemu moja ilikokatwa, na pale kwenye mkato kuna mkono unaosukumwa na akchueta, kikopo chenye chemba mbili kinachoendeshwa na vakyumu. Vakyumu ikivuta chemba hii, ekseli inaungana, ikivuta ile nyingine, inaachia. Nani anaamua ivute wapi? Solenoidi mbili ndogo ndani ya boneti, zimefungwa pamoja, zinapata amri kutoka kwenye kiboksi cha umeme cha foo wili. Kuzipata usihangaike, fuata ile mipira miwili myembamba inayotoka kwenye ekseli ya mbele kupanda juu, itakupeleka zilipo.

Injini ya petroli vakyumu inaitoa kwenye menifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Dizeli haina hiyo bahati, inatumia pampu, na kwenye dizeli nyingi za Pajero hizi pampu iko mgongoni mwa altaneta. Sasa fikiria umebadilisha altaneta ukapewa iliyochoka pampu yake, au isiyofungwa vizuri: foo wili itaanza kublinki na wewe utakuwa unalaumu transfa. Dalili ya kukusaidia ni pedali ya breki. Kama breki imekuwa ngumu kuliko zamani NA foo wili inagoma, acha mambo ya mbele, nenda kwenye chanzo cha vakyumu kwanza, na haraka, maana breki ndo uhai wako.

Nitajuaje kama ni hozi, solenoidi au akchueta?

Hapa ndo penye kazi yenyewe, nenda taratibu.

Anza na macho na vidole. Hizi hozi zina miaka zaidi ya ishirini, zimepikwa na joto la injini, zinakuwa ngumu na zinapasuka kwenye ncha, pale zinapovaa kwenye kipaipu. Chomoa ncha moja, ikunje kwa vidole, ukiona mistari mistari ya mpasuko basi haishiki tena. Kama hozi bado ina urefu wa kutosha unakata kipande kidogo cha mwisho unairudisha, hiyo ni dawa ya njiani ya kukufikisha nyumbani, ila ukifika nunua mpya zote, mpira wa vakyumu unauzwa kwa mita na hauwezi kukufilisi. KABLA hujachomoa chochote piga picha na simu au funga tepu za rangi. Ukizibadilishana zile mbili za akchueta, gari itafanya kinyume, 2H mbele itashikana na 4H itaachia, na kuna gari zimezunguka gereji kadhaa kwa kosa hilo tu.

Pili, vakyumu inafika? Washa injini, chomoa hozi inayoingia kwenye solenoidi kutoka kwenye chanzo, ziba kwa kidole. Kidole kinatakiwa kivutwe kwa nguvu. Hakivutwi, rudi nyuma kuelekea kwenye injini, kagua tangi dogo la vakyumu na ile valvu ya njia moja iliyo kwenye hozi. Valvu hiyo inapitisha upande mmoja tu, ukiipuliza pande zote ikapita, imekufa. Ikifungwa kinyumenyume pia haitapitisha, nalo hilo huwa linatokea.

Tatu, solenoidi. Mwenzako akae ndani, ufunguo ON, injini imezimwa ili kuwe kimya, abadilishe liva 2H kwenda 4H na wewe sikiliza au shika kwa mkono. Unatakiwa usikie tiki. Hakuna tiki, chomoa soketi upime umeme kwa taa ya kupimia. Umeme upo lakini hailii, solenoidi imekufa au imejaa uchafu. Umeme haupo, angalia fyuzi kwanza, halafu waya, halafu swichi za transfa, kwa sababu kiboksi hakitoi amri mpaka swichi za transfa zikiambie liva imehama.

Nne, akchueta. Hapa kama una pampu ya mkono ya vakyumu umebarikiwa, kama huna tumia hozi safi na mdomo wako. Chomoa hozi zote mbili za kule chini, vuta upande mmoja huku mwenzako anatazama fimbo ya akchueta. Inatakiwa isogee na IBAKI pale ukiziba. Ikisogea halafu ikarudi yenyewe taratibu, diaframu (kiwambo cha mpira cha ndani) imetoboka. Isiposogea kabisa ila unahisi vakyumu inashika, basi fimbo au mkono wa ndani umeganda kwa kutu na tope. Wakati mwingine inafunguka kwa kupulizia mafuta ya kulainisha kutu na kuisukuma mbele na nyuma kwa uvumilivu, usitumie nyundo.

Na swichi za transfa, mbona kila fundi ananiambia "ni swichi"?

Kwa sababu ni kweli mara nyingi. Kwenye transfa kuna swichi kadhaa zimechomekwa kwa juu na ubavuni, kila moja inatoa taarifa ya hatua moja ya liva. Zinakaa kwenye joto, oili na vumbi, na baada ya miaka zinashindwa kugusa. Ile taa ya chungwa ikikataa kutulia wakati gari yenyewe kwenye kona kali ya lami inakaza kabisa, hiyo ni swichi, difu imefunga ila hakuna aliyetoa taarifa.

Chomoa soketi, safisha kwa dawa ya kusafishia umeme, pima kwa malitimita: ukibonyeza kichwa cha swichi inatakiwa ipitishe au ikate, ikiwa haibadiliki hata ubonyezeje, nunua nyingine. Ukiifungua kwenye transfa angalia sana, mara nyingi chini yake kuna gololi ya chuma. Ikikudondokea usiiache, na usirudishe swichi bila gololi, maana swichi itakuwa nzima na bado haitabonyezwa na kitu. Weka alama ipi ilikuwa wapi, zinafanana mno.

Kile kiboksi cha umeme kiache cha mwisho kabisa. Kinaweza kufa, lakini watu wanakimbilia kununua kiboksi cha dukani kilichotumika kabla hata ya kukagua soketi moja.

Ukirudi 2H taa za mbele zinaendelea kublinki, kwa nini?

Mara nyingi vyuma vimekazana. Ulikuwa kwenye 4HLc sehemu inayoshika, ukakata kona, matairi ya mbele na nyuma yakatembea umbali tofauti na ile nguvu ikabaki imejikunja kwenye mnyororo wa ndani ya transfa na mashafti. Rudi nyuma mita kadhaa kwa mstari ulionyooka, halafu mbele, itaachia. Isipoachia, frii wili imeganda upande wa kushikana au hozi ya kuachia inavuja. Kuthibitisha, piga jeki matairi yote mawili ya mbele, liva 2H, injini inaunguruma, gia iko huru na matairi ya nyuma yamezuiwa. Zungusha matairi ya mbele kwa mkono yote mawili kuelekea upande mmoja. Propela ya mbele ikizunguka nayo, ekseli bado imeungana. Kutembea hivyo siku moja haiuwi gari ila mafuta yatapanda na sehemu za mbele zinachakaa bure.

4H naweza kutembea nayo kwenye lami?

Ndiyo, na hapo ndo Super Select inapozidi gari nyingi za rika lake. Kwenye 4H difu ya kati iko huru na ina kapulingi ya majimaji mazito ya kusaidia, kwa hiyo kwenye lami yenye mvua au rafu rodi tembea tu. Unaweza kubadilisha kati ya 2H, 4H na 4HLc gari ikitembea mpaka kilomita 100 kwa saa, ila achia mafuta, usukani unyooke, na usibadilishe wakati matairi ya nyuma yanaserereka kwa sababu hapo mbele na nyuma havizunguki sawa na utasikia vyuma vinalia. 4HLc na 4LLc ni za kwenye utelezi, mchanga na tope. Kwenye lami kavu hapana.

Kama 4H ya kawaida inakaza kwenye kona kali ya kuegesha, gari inarukaruka kama imeshikwa, basi ama kapulingi imeungua ama matairi yako hayalingani. Angalia matairi kwanza. Mawili mapya mbele na mawili vipara nyuma, au saizi mbili tofauti, yanailazimisha hiyo kapulingi ifanye kazi kila sekunde mpaka ife. Hii nasisitiza kwa sababu wengi tunanunua tairi mbili mbili kulingana na mfuko. Sielewi kwa nini wauza tairi hawawaambii watu.

Gia nzito ya 4LLc inakataa kuingia.

Simama kabisa. Manyuo kanyaga klachi, otomatiki weka N huku mguu uko kwenye breki. Bonyeza liva chini ndo uisogeze, bila kubonyeza haiingii. Ikigongana meno, toa, weka gia, achia kidogo ili mashafti yajigeuze, rudia. Ikikataa siku zote, kagua viungo na bushi za liva na oili ya transfa. Liva ambayo haijasogezwa miaka mitatu inakuwa ngumu tu kwa kutotumika, kwa hiyo hata kiangazi itembeze sehemu zote mara moja kwa mwezi kwenye barabara ya vumbi.

Difu loki ya nyuma inablinki haifungi.

Hiyo inatumia upepo, sio vakyumu, ina pampu yake ndogo ya umeme. Lazima uwe 4HLc au 4LLc ndo inakubali, na mwendo wa taratibu sana. Bonyeza swichi usikilize pampu: hailii, nenda kwenye fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na pampu yenyewe. Inalia bila kukata, kuna paipu inavuja, mara nyingi kule nyuma karibu na ekseli ambako mawe yanapiga. Inalia inakata lakini taa bado inablinki, tembea taratibu na uchezeshe usukani kidogo, meno yakikutana itafunga. Sio kila gari ina kitu hiki, nyingine nyuma zina LSD, difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure, na hizo zinahitaji oili yake maalumu, ukiweka ya kawaida utasikia inakoroma kwenye kona.

Kuna mlio nikiwa foo wili, nianzie wapi?

Linganisha 2H na 4H kwenye barabara ile ile. Tak tak tak ukikata kona mpaka mwisho ni sivijointi, viungo vya shafti za matairi ya mbele, angalia na buti zake (mifuko ya mpira) kama zimechanika. Mlio mmoja mzito wa kugonga ukikanyaga na kuachia mafuta ni krosi za propela, zishike uzitikise kwa mkono. Mvumo unaopanda na mwendo ni beringi za difu au za magurudumu. Kugongagonga kwenye transfa ukiwa umebeba mzigo na uko foo wili, ambako kunapotea ukirudi 2H, huo ni mnyororo umelegea, na hapa kweli transfa inashuka.

Kama ulivuka maji ya kina, fungua nati ya kujazia oili ya difu zote mbili na transfa uchungulie. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, imwage siku hiyo hiyo. Halafu kagua vile vipaipu vya kupumulia vya difu, vikiziba difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi inanyonya maji kupitia kwenye sili.

Nanunua Pajero iliyotumika, foo wili niipimeje haraka?

Fika kabla muuzaji hajaiwasha na kuipasha. Ufunguo ON kwanza, hakikisha taa za mchoro zinawaka, kuna watu wanachomoa balbu ili usione zinavyoblinki. Tembeza 2H, 4H, 4HLc, subiri taa zitulie kila hatua, kisha omba sehemu ya vumbi uende 4LLc. Angalia chini kama zile hozi mbili za akchueta zipo na hazijazibwa kwa bolti, ukikuta zimezibwa ujue kuna mtu alishakata tamaa. Piga kile kipimo cha jeki. Muuzaji akikataa usipige jeki, punguza bei au ondoka.

Vipimo hivi vinafaa kwa Escudo na Land Cruiser?

Kipimo cha tairi moja juu kinafaa kwa gari yoyote ambayo mbele na nyuma vinafungwa pamoja. Mengine yanabadilika. Suzuki Escudo za 1998 mpaka 2005 nyingi zinaunganisha mbele kwa upepo wa kusukuma kutoka kwenye pampu ndogo ya umeme, kwa hiyo unasikiliza pampu na kutafuta mpira unaovuja, wazo ni lile lile. Land Cruiser 80 zenye foo wili ya muda wote hazina mkato huo wa ekseli, ugonjwa wao ni mota ya kufunga difu ya kati kuganda kwa kutotumika miaka. Zile 80 zenye frii wili za kuzungusha kwa mkono, kabla hujaita fundi shuka uangalie kama umezizungusha zote mbili kwenye LOCK.

Spea nitapata wapi?

Dar nenda Ilala na Gerezani, Nairobi ni Kirinyaga Road na Grogan. Akchueta na solenoidi za kutoka gari zilizochinjwa zipo, ila ipime hapo hapo dukani, vuta kwa mdomo uzibe kwa ulimi, ikishika nusu dakika lipa. Swichi nunua mpya ukiweza. Na uende na ile ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi, kwa sababu V44 na V46 zinafanana kwa macho na bado utapewa soketi isiyoingia.